Mgeni Mwenye Ufunguo: Barua za Wachungaji Wapya

Kila baada ya msimu wa kuwekea watu mikono, safu hii hupokea barua nyingi zinazofanana. Waandishi wake wamemaliza chuo cha theolojia, wamepiga magoti mbele ya viongozi wao, wamevishwa joho, na wiki chache baadaye wamejikuta mahali ambapo hawamjui mtu, wakiwa wamekabidhiwa funguo za jengo lenye umri mkubwa kuliko wao. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mchungaji hupewa jembe siku ileile anaposhusha mizigo yake, na pengine jeneza la kwanza analosimama mbele yake ni la mtu ambaye hakupata kumwona akiwa hai. Barua nilizozichagua zinahusu hali hiyo ya kuwa mgeni na mwenye nyumba kwa wakati mmoja. Nimetumia neno usharika kote; anayesema parokia, mtaa au kanisa la mahali asome hivyo.

SWALI: Bwana asifiwe, Mchungaji. Niliwekewa mikono miezi minne iliyopita na kupangiwa usharika wa zamani. Ibada ni ndefu mno, matangazo peke yake huchukua nusu saa, vijana wanaondoka, na kamati zote zimeongozwa na watu walewale kwa miaka mingi. Niliandaa mpango wa mabadiliko nikaupeleka kwenye baraza la wazee. Walinisikiliza kwa adabu, wakasema wataomba juu yake, na hakuna aliyeutaja tena. Je, nisubiri mpaka lini? Chuoni tulifundishwa kwamba kiongozi ni mtu mwenye maono.

JIBU: Mchungaji mwenzangu, wazee waliposema wataomba juu ya mpango wako walikuwa tayari wamekujibu, tena kwa upole. Mpango ulioandikwa baada ya miezi minne, hata ukiwa mzuri, unawaambia kwamba umewatazama kwa muda mfupi na umekwisha kuona upungufu wao. Sisemi kwamba umekosea katika hayo unayoyaona. Matangazo ya nusu saa ni marefu, na mimi mwenyewe nisingeyavumilia. Lakini bado hujui kwa nini ni marefu. Huenda ndiyo nafasi pekee ya wiki nzima ambapo watu wanasikia nani anaumwa, nani amefiwa na nani amerudi kutoka safari, na kama ni hivyo, ukiyakata utakuwa umewakata watu habari za wenzao.

Nikuambie kosa langu, kwa kuwa mwanzoni nilikuwa na maono kama yako. Katika usharika wangu wa kwanza ilikuwa desturi, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kusoma majina ya washarika wote waliofariki katika mwezi kama huo tangu usharika ulipoanzishwa. Orodha ilikuwa ndefu, msomaji alikuwa mzee ambaye macho yake yalikuwa yamechoka, na zoezi zima lilikaribia dakika ishirini. Niliagiza majina yabandikwe ukutani, nasi tumshukuru Mungu kwa ajili yao wote kwa sala moja fupi. Hakuna aliyenipinga. Siku hiyo, baada ya kutoa baraka, nilitangulia mlangoni ili nipeane mikono na watu, na waliokuja walikuwa wachache. Wengine walikuwa wamepitia mlango wa pembeni na kusimama nyuma ya jengo, karibu nusu ya usharika, wakimsikiliza yule mzee akisoma majina. Niliingia ofisini kuvua joho, nikakaa humo mpaka sauti yake ilipokoma. Mwezi uliofuata majina yalirudi ndani ya ibada, na nilimwomba mzee aniruhusu nisimame kando yake nimshikie karatasi. Ni kwa kumshikia karatasi ndipo nilipojifunza nani alikuwa mtoto wa nani, akina nani walifariki wakiwa hawajasemezana kwa miaka, na kwa nini familia mbili za pale haziketi upande mmoja wa kanisa.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si usubiri mpaka lini, bali usubiri ukifanya nini. Anza na kumbukumbu za vikao, angalau za miaka kumi iliyopita, kisha rejista za ubatizo, ndoa na mazishi. Ni kazi inayochosha macho, lakini sitashangaa ukikuta kwamba mpango wako ulikwisha kuletwa na mmoja wa watangulizi wako, na kwamba maelezo ya namna ulivyokufa yamo humohumo. Baada ya hapo tembelea watu majumbani. Richard Baxter alifika Kidderminster, Uingereza, mwaka 1641 akiwa kijana wa miaka 25, na baadaye alijiwekea utaratibu wa kutenga siku mbili kila wiki ambapo yeye na msaidizi wake walizungumza na familia moja moja. Yeye aliyekuwa mhubiri mashuhuri ndiye aliyekiri kwamba baadhi ya watu walijifunza zaidi katika nusu saa ya mazungumzo ya faragha kuliko katika miaka kumi ya kusikiliza mahubiri. Unapotembelea usiende na ajenda. Uliza walifikaje katika usharika huu, uliza ni lini usharika uliwaumiza, na uliza ni nani ambaye hupaswi kumsahau. Swali la tatu litakupeleka kwa wagonjwa na wazee ambao orodha ya katibu haiwataji.

Weka daftari ambalo utaandika kila unachotamani kukibadilisha, pamoja na tarehe, halafu usilionyeshe kwa mtu kwa mwaka mzima. Mengi yatakufa yenyewe humo ndani. Yatakayobaki utakuwa umekwisha kuyasikia pia midomoni mwa washarika, na hapo hutahitaji kupeleka mpango. Utahitaji kumwomba mmoja wao aulete. Tito naye aliachwa Krete ili atengeneze yaliyopunguka, na kazi iliyotajwa mara baada ya hiyo ni kuweka wazee katika kila mji, yaani kutafuta watu wa palepale.

Yapo mambo mawili yasiyongoja hata wiki moja. Ukikuta watoto wanaachwa na mtu mzima mmoja katika chumba kilichofungwa, au sadaka inachukuliwa na kuhesabiwa na mtu mmoja nyumbani kwake, chukua hatua siku hiyohiyo, andika ulichokiona, na umhusishe mkuu wako wa kazi, hata kama mhusika ni mtu anayependwa na wote. Saa ya ibada, mpangilio wa viti na mwendo wa nyimbo ni mambo ya ladha, na yanaweza kusubiri.

SWALI: Mimi na mume wangu tuliwekewa mikono siku moja, na tumepelekwa usharika mmoja kwa barua mbili za uteuzi. Hata hivyo watu huniita mama mchungaji kwa maana ya mke wa mchungaji, huniuliza kuhusu mapazia na kikundi cha wanawake, na mambo ya baraza huyapeleka kwa mume wangu hata yakiwa katika zamu yangu. Yeye hukasirika kuliko mimi. Tufanye nini bila kuonekana tunagombea cheo?

JIBU: Mchungaji mwenzangu, nakuita hivyo kwa makusudi, na nataka mume wako akuite hivyo pia kila anapozungumza habari zako mbele ya usharika. Hasira yake haitasaidia, ila ulimi wake utasaidia sana. Mtu anapomletea jambo la zamu yako, ajibu tu kwamba hilo liko kwa Mchungaji, amtaje kwa jina, na asiongeze neno. Akilitatua yeye kwa sababu ni rahisi, atakuwa amewafundisha watu kwamba mlango wako ni wa kupitia tu. Marekebisho haya yakitoka kwako yataonekana ni malalamiko, yakitoka kwake yataonekana ni utaratibu. Si haki kwamba iwe hivyo, lakini kwa miezi ya kwanza tumieni njia iliyopo.

Andikeni mgawanyo wa kazi kwenye ukurasa mmoja, mwombeni mkuu wa jimbo, au yeyote aliyewateua, ausome mwenyewe mbele ya ibada. Msigawane kwa namna ambayo yeye anachukua wanaume, fedha na baraza, nawe unachukua wanawake, watoto na wagonjwa, kwa kuwa huo ndio mgawanyo ambao watu wamekwisha kuufanya vichwani mwao. Peaneni zamu kwa wiki au kwa eneo, ili kila mmoja ahubiri, abatize, aongoze Meza ya Bwana na aendeshe vikao. Wewe hasa usikwepe mazishi. Familia uliyokesha nayo, ukamzika mtu wao kwa heshima, haitauliza tena kama wewe ni mchungaji kweli, na itakujibia kwa wengine. Nawe unajua, bila shaka, kwamba Prisila na Akila waliomweleza Apolo Njia ya Mungu kwa usahihi zaidi walikuwa mke na mume, na kwamba mara kadhaa jina la Prisila latangulia. Sikushauri kulihubiri hilo mwezi wa kwanza.

Lipo jambo ambalo hukuliuliza nami naliona zito kuliko cheo. Mtu akimweleza mmoja wenu siri, atadhani mwingine amekwisha kuijua kabla ya usiku kuingia. Tangazeni wazi, mapema, kwamba mnayoambiwa kwa faragha hamsimuliani, kisha mlishike neno hilo hata linapowakera wenyewe. Mtakaa meza moja, mmoja akiwa amebeba mzigo ambao mwenzake hauoni, na itabidi mzoee ukimya wa namna hiyo. Jiwekeeni pia saa ambayo baada yake habari za usharika haziingii chumbani, na msichambuane mahubiri siku yenyewe ya Jumapili. Kuhusu barua hizo mbili za uteuzi, ulizeni sasa, kwa maandishi, kama kuna posho mbili na likizo mbili, kwa maana mara nyingi nyumba moja huchukuliwa kuwa sababu ya kulipa mtu mmoja na nusu.

SWALI: Nimepelekwa mahali ambapo wazee walikuwa wameomba mwinjilisti wao wa miaka mingi apandishwe kuwa mchungaji. Ombi lilikataliwa, nikaletwa mimi. Mwinjilisti yupo, ndiye anayeitwa kwenye misiba na ndoa, na mchungaji aliyenitangulia, ambaye amestaafu, anaishi jirani na kanisa. Jumapili iliyopita robo ya viti vilikuwa vitupu. Nahisi kama kivuli.

JIBU: Viti vitupu vina historia ndefu, ndugu yangu. Mwaka 1782 Charles Simeon, akiwa na umri wa miaka 23, aliwekwa katika kanisa la Holy Trinity huko Cambridge, wakati hata mwaka mmoja ulikuwa haujapita tangu awekewe mikono ya ushemasi. Usharika ulikuwa umemtaka mtu mwingine, msaidizi aliyekuwapo pale. Enzi hizo familia zilikuwa na viti vyao vyenye milango, basi wenyewe wakavifunga kwa kufuli na kutokuja, na waliokuja kumsikiliza Simeon walilazimika kusimama njiani. Alipoweka mabenchi kwa gharama yake, wasimamizi wa kanisa waliyatupa nje. Mahubiri ya alasiri, ambayo uteuzi wake ulikuwa mikononi mwa washarika, walimpa yule waliyemtaka. Simeon alibaki. Alihudumu katika kanisa hilo miaka 54, hadi alipofariki mwaka 1836. Sikupi habari hii ili ujipange kwa nusu karne ya mateso, kwani si kila anayebaki hushinda, bali uone kwamba hakuwafukuza waliofunga viti, wala hakuwatangazia vita kutoka mimbarani. Alihubiri kwa waliosimama.

Hali yako ina nafuu moja: aliyetakiwa yupo, na unaweza kuzungumza naye. Mwendee nyumbani kwake kabla ya kumwita ofisini. Mwambie unajua kwamba nafasi hii iliombwa kwa ajili yake, na kwamba hukuiomba dhidi yake. Watu wengi wanaogopa kulitaja jambo hilo, nalo huoza katikati yao. Kisha usimpe kazi za kumpooza. Mwombe awe ndiye anayekupeleka kwenye nyumba, akutambulishe kwa wafiwa, akueleze lipi husemwa kaburini na lipi halisemwi. Misiba isitangazwe kwamba lazima ipitie kwako. Wewe wahi kufika, mkute pale, mshirikishane ibada, naye aombe na wewe uhubiri, au kinyume chake. Baada ya misiba mitano watu watakuwa wanawaita wote wawili, na baada ya kumi hawatakumbuka kwamba kulikuwa na kambi. Kama atakataa mkono wako kabisa na kuendelea kukuchimba, hilo ni jambo la mkuu wako, si la mimbara, na mpe taarifa mapema kabla halijawa kubwa.

Kuhusu mstaafu, nitasema kwa aibu kidogo kwa kuwa mimi mwenyewe ni mstaafu. Simu ya kuitwa kwenye ndoa ya binti niliyembatiza ni tamu, na inahitaji nguvu kuijibu kwa kusema, “Mwulizeni mchungaji wenu.” Wengi wetu tunashindwa. Mwombe waziwazi ajibu hivyo, na umwahidi kwamba utamkaribisha wewe mwenyewe pale ambapo uhusiano unastahili. Paulo aliandika, “Mimi nilipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu,” na maneno hayo ni ya kuwasaidia wapandaji waondoke shambani, si ya kuwasaidia watia maji tu.

SWALI: Nina miaka 26. Mwenyekiti wa baraza huniita mwanangu katika vikao. Nimkatazeje?

JIBU: Usimkataze. Timotheo aliambiwa, “Mtu awaye yote asiudharau ujana wako,” na mstari unaendelea mara moja kumwagiza awe kielelezo katika usemi na mwenendo, haumpi ruhusa ya kudai heshima. Katika barua hiyohiyo aliambiwa, “Mzee usimkemee, bali umwonye kama baba.” Mwite baba, uendeshe kikao vizuri, anza kwa wakati na maliza kwa wakati, uwe umesoma hesabu kuliko yeye. Kama neno hilo linatumika kukunyamazisha wakati wa maamuzi, mweleze faraghani siku nyingine, na si siku ya kikao.

SWALI: Mimi ni mchungaji, bado sijaoa. Kila nyumba ninayotembelea ina binti wa kunitambulisha, na nimetokea kumpenda mmoja wa wanakwaya. Wengine wananishauri nihame, wengine nioe haraka ili maneno yaishe.

JIBU: Usioe ili maneno yaishe, maana hayataisha. Kumpenda mtu si kosa la kazi, ila katika nafasi yako kuna hatari moja ambayo kijana mwingine hana: unashika Meza, mimbara na siri za watu, na mapenzi yakiharibika vitu hivyo hugeuka silaha hata bila wewe kukusudia. John Wesley, kabla ya kuwa mwanzilishi wa Umethodisti anayejulikana, alikuwa mchungaji katika koloni la Georgia, Marekani, na huko alimpenda binti aitwaye Sophia Hopkey. Alisitasita mno. Mwaka 1737 Sophia aliolewa na mwanamume mwingine, na miezi michache baadaye Wesley akamnyima Meza ya Bwana. Alikuwa na sababu zake za kanuni, lakini nani angeziamini? Alishtakiwa mahakamani, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amekwisha kuondoka katika koloni hilo.

Basi mwambie mkuu wako mapema, kabla kwaya haijajua. Usikutane na binti huyo katika ofisi ya kanisa wala kwa kisingizio cha ushauri nasaha. Mkutane mahali ambapo wazazi wake wanajua. Akiwa na shida za kiroho, amwone mchungaji mwingine. Na akisema hapana, liwe ni hapana ambayo haitamgharimu nafasi yake katika kwaya. Katika ziara nyingine nenda na mzee wa kanisa au mkewe. Mabinti wa kutambulishwa watapungua.

SWALI: Nyumba yetu iko ndani ya uwanja wa kanisa. Watu huingia bila kubisha, watoto wetu hukaripiwa na kila mtu kwa sababu ni watoto wa mchungaji, na mke wangu hana rafiki hata mmoja. Ananiambia kwamba mimi nimepokelewa, yeye ameletwa tu.

JIBU: Mke wako ameandika sentensi bora kuliko zote zilizonifikia mwezi huu. Wewe una kazi inayokujulisha kwa watu. Yeye alipoteza kazi yake, ndugu zake na marafiki zake ili aje kuwa karibu na kazi yako. Usimtafutie nafasi katika kikundi cha wanawake kama dawa ya upweke. Muulize anataka kufanya nini, na kama anataka ajira au masomo yasiyohusiana na kanisa, mtetee mbele ya baraza kwa sauti kubwa kuliko unavyotetea jambo lolote la kwako. Rafiki wa karibu ni vizuri atoke nje ya usharika, kwake na kwako, kwa kuwa ndani ya usharika huwezi kumlalamikia mtu bila kumhusisha ndugu yake.

Kuhusu nyumba, chagueni siku moja ya wiki ambayo si ya kazi, itangazwe pamoja na namba ya mtu wa kupigiwa kwa dharura, na siku hiyo mlango ufungwe kweli. Wengine watanung'unika mwezi wa kwanza. Kuhusu watoto, anayewakaripia kwa kosa la kweli mshukuru, na anayewakaripia kwa kuwa ni watoto wa mchungaji mwambie, kwa upole na mbele ya watoto wenyewe, kwamba hawakuwekewa mikono.

SWALI: Mimi ni katibu wa baraza la wazee. Mwezi ujao tunapokea mchungaji anayetoka moja kwa moja chuoni, na huu ni usharika wake wa kwanza. Tumepanga sherehe kubwa. Kuna jambo jingine la kufanya?

JIBU: Sherehe fanyeni, ila iwe fupi, kwani atakuwa amechoka na hatakumbuka jina hata moja. Kabla hajafika, mtu mmoja aende alale katika ile nyumba usiku mmoja, ajue kama bomba linavuja, mlango unafungika na taa zinawaka. Msingoje yeye awe wa kwanza kulalamika. Mwandikieni orodha ya wagonjwa, wajane na waliofiwa ndani ya miezi sita, pamoja na maelekezo ya kufika kwao. Mwambieni madeni ya usharika yote, hata lile ambalo kamati haipendi kulitaja, na mwambieni ugomvi uliopo kwa maneno ya pande zote mbili, ili asiusikie kwanza kutoka kwa mwenye kinywa kikubwa. Msimpangie mahubiri, semina na mikutano ya kila jioni katika miezi mitatu ya kwanza. Acheni jioni kadhaa ziwe tupu ili apate kutembea. Mteueni mzee mmoja ambaye anaweza kumwambia ukweli, akimwambia kwamba Jumapili alizidisha muda au kwamba kuna nyumba iliyomsubiri na hakufika, na mzee huyo asiwe mwenyekiti.

Halafu ziko funguo. Karibu kila usharika una chumba au kabati ambalo ufunguo wake hukaa kwa mtu mmoja, na mchungaji mpya huja kugundua baada ya mwaka. Kusanyeni funguo zote, zibandikeni majina, mpeni siku ya kwanza, na yule aliyekuwa akikaa na huo mmoja ndiye amkabidhi kwa mkono wake.